Upepo wa Dodoma na Unene wa Hilali



Mtu atokaye pwani kuja Dodoma hushangazwa kwanza na ukavu wa nchi, kisha hushangazwa na upepo wake. Mji huu umekaa juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na ikisha kukatika hapana tena wingu la kutumainiwa. Hapo ndipo upepo wa kusini-mashariki unapoishika nchi, ukavuma juu ya nyika pasipo msitu wa kuuzuia, ukapita katikati ya mibuyu iliyopukutika na mashamba ya zabibu, na kuleta vumbi jekundu mpaka ndani ya vyombo vya futari. Wagogo wa kale walijenga tembe, nyumba fupi ya miti na udongo yenye paa bapa. Na aliyepata kulala ndani ya tembe mwezi wa Agosti haulizi kwa nini haikuinuliwa juu.

Zamani wageni wa mji huu walikuwa wachache. Reli ilifika hapa mwaka 1910 wakati wa Wajerumani, na kwa miaka mingi Dodoma palikuwa mahali pa treni kupumzika kabla ya kuendelea Tabora na Kigoma. Mwaka 1973 ikaamuliwa kuwa hapa ndipo yatakapokuwa makao makuu ya nchi, mwaka 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji, na mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ikaanza kutuletea watu asubuhi na jioni. Wengi wao hushuka na kamera, na vijana wetu nao wamejifunza kazi hiyo, wakawa wanapiga picha za harusi, za mahafali ya Chuo Kikuu na za Maulidi. Ni riziki ya halali, alhamdulillahi.

Leo nataka kuzungumza nanyi, na hasa na vijana, juu ya kamera na upepo huu. Msidhani kuwa mwalimu wa chuo ameacha juzuu akashika biashara nyingine. Jambo hili liliingia majumbani mwetu likatutia katika mjadala wa saumu, na kwa hiyo likawa langu pia.

Ilikuwa katika Ramadhani moja ya miaka hii ya karibuni. Mwezi uliandama jioni, ukaonekana kwa macho ya watu waadilifu, na watu wakanuia. Kijana mmoja aliyepata kusoma chuoni kwetu, ambaye sasa ni mpiga picha, alikuwa amepanda kilima cha mawe upande wa magharibi wa mji. Alichukua kamera, lenzi ndefu ya milimita 400 aliyoinunua kwa mtumba, na stendi ya miguu mitatu. Akapiga picha ya hilali, akaituma, na kabla ya Isha ilikuwa imekwisha kuenea katika simu za mtaa mzima.

Katika picha ile hilali ilikuwa nene kama kipande cha ndizi, na mgongoni mwake palikuwa na kivuli, mithili ya hilali ya pili iliyolala juu ya ya kwanza. Kulipopambazuka nikajiwa na mama mmoja wa makamo, simu mkononi. Akaniambia, "Ustadhi, mwezi huu ni wa siku ya pili. Tumekula siku moja ya Ramadhani, nasi hatujui." Baada ya Adhuhuri wakaja wazee wawili, mmoja akisema kuwa siku ile italipwa, na mwingine akisema kuwa waliotangaza ndio watakaobeba dhambi. Katika nyumba moja mume na mke walinuniana mpaka magharibi.

Hukumu yenyewe haikuwa ngumu. Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya watu waliokwenda Umra, wakauona mwezi walipofika Batn Nakhla, wakakhitilafiana: huyu akasema ni wa siku tatu, yule akasema ni wa siku mbili. Walipokutana na Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, aliwauliza waliuona usiku gani, kisha akawafahamisha kuwa mwezi ni wa usiku ule ule waliouona. Basi ukubwa wa hilali si hesabu ya siku zake. Niliwaeleza hivyo, nao wakatulia, wengine kwa moyo na wengine kwa adabu tu.

Walakini swali la picha lilibaki. Kijana aliapa kwamba kamera ilikaa juu ya miguu mitatu, stendi haikuguswa, na hakuongeza chochote. Mimi namjua tangu alipokuwa akisoma Alifu kwa kijiti, wala si mwongo. Iweje basi kamera iliyotulia ionyeshe kitu kisichokuwapo?

Jibu limo ndani ya lenzi. Lenzi ndefu huvuta kilicho mbali, na kadiri inavyokikuza ndivyo inavyokuza pia kila kutikisika. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni nyepesi: mwenye lenzi ya milimita 50 aweza kushika kamera kwa mkono ikiwa pazia lake litafunguka kwa sehemu ya 50 ya sekunde, mwenye lenzi ya milimita 400 asizidishe sehemu ya 400 ya sekunde. Akizidisha, picha itaingia ukungu, kwa maana mkono wa mwanadamu, hata uwe wa kijana mwenye afya, hutetemeka kiasi cha mara nane hadi kumi na mbili kwa sekunde moja, mbali na pumzi na kuyumba kwa mwili.

Kwa ajili ya udhaifu huo mafundi walitengeneza kifaa ambacho wapiga picha wa mjini hukiita stebilaiza. Mimi nitakiita kitulizi. Mwaka 1995 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa lenzi ya milimita 75 hadi 300 iliyokuwa na kitulizi ndani yake, ya kwanza katika lenzi za kubadilishwa kwenye kamera kubwa. Nikon wakafuata mwaka 2000 kwa lenzi ya milimita 80 hadi 400. Mwaka 2004 Minolta wakaja na njia nyingine, wakaacha lenzi kama ilivyo na kukitikisa kile kibao cha ndani kinachonasa mwanga.

Kazi yake ni kama ya mwanamke abebaye ndoo ya maji kichwani kutoka kisimani. Mwili ukielekea kushoto, shingo huurudisha mzigo kulia, na maji hayamwagiki. Ndani ya lenzi mna vihisi vidogo vinavyopima kila kuzunguka, juu na chini, kushoto na kulia. Vikihisi lenzi imeinama, huamuru sumaku ndogo zikisogeze kipande cha kioo upande wa pili, na picha ikabaki mahali pake. Lenzi ile ya mwaka 1995 ilimwezesha mtu kuacha pazia wazi kwa muda mara nne kuliko kanuni ya zamani, na za leo humpa mara kumi na sita, thelathini na mbili, na zaidi.

Hiyo ni neema kubwa kwa mwenye kushika kamera kwa mkono. Lakini kitulizi hakina macho. Hakijui kama kimebebwa na bibi arusi au kimefungwa juu ya jabali. Kinajua tu kile kinachoambiwa na vihisi vyake. Na vihisi havinyamazi kabisa. Hata lenzi ikitulia tuli, vina uvumi wake mdogo, kama masikio yanavyovuma katika chumba kisicho na sauti. Kitulizi huudhania uvumi ule kuwa ni mtikisiko, kikasogeza kioo kurekebisha kosa ambalo halikuwapo. Kioo kikisogea, picha nayo husogea.

Kisha kuna jambo la pili lililo baya zaidi. Kusogea kwa kioo kile huitikisa lenzi na stendi yake kidogo sana. Vihisi huhisi mtikisiko huo, huamuru kioo kisogee tena, nacho kikisogea huleta mtikisiko mwingine. Kila msikiti wenye kipaza sauti unaijua habari hii: ukiielekeza maikrofoni kwenye spika yake, sauti huingia na kutoka na kuingia tena mpaka ukazuka mlio unaowafanya watu wazibe masikio, na hali muadhini hajasema neno. Ndivyo inavyokuwa ndani ya lenzi, ila mlio wake hausikiki. Huonekana tu katika picha, tena baada ya jambo kupita.

Tangu mwaka 1999 Canon walianza kutoa lenzi kubwa ndefu zenye kutambua kwamba zimekaa juu ya stendi, zikabadili mwenendo wao zenyewe, na lenzi nyingi zilizokuja baadaye zina akili hiyo. Walakini hazifanani, na kwenye soko la mitumba lenzi za zamani bado ni nyingi kwa kuwa ndizo tunazoziweza bei. Ya kijana wetu ilikuwa ya zile zisizojua kama zimeshikwa au zimewekwa. Kitabu cha maelezo kilisema wazi kuwa kitulizi kizimwe juu ya stendi, lakini lenzi ilikuwa imeuzwa bila kitabu.

Hatukutosheka na maneno. Alhamisi moja asubuhi, siku ambayo chuo chetu hupumzika, nilichukua ubao nikaandika kwa wino herufi tatu, ba, ta na tha, kwa mkono mdogo, kila nukta milimita mbili hivi. Tukauegemeza ukutani, tukahesabu hatua sitini, na hapo kijana akasimama na lenzi yake. Watoto walikuja kutazama ingawa hawakuitwa.

Kwanza alishika kamera kwa mkono, pazia likifunguka sehemu ya 60 ya sekunde, kitulizi kikiwa kimezimwa. Hapana herufi iliyosomeka. Akakiwasha, na katika picha kumi saba zilikuwa na nukta tatu za tha, kila moja peke yake. Basi kitulizi ni cha kweli, wala asikidharau mtu.

Kisha akaweka stendi, akaikaza kila kiungo, akapiga kwa rimoti ili kidole kisiiguse kamera, pazia likifunguka nusu sekunde. Kitulizi kikiwa kimewashwa, picha tatu zilifaa. Katika saba zilizobaki nukta mbili za ta zilikuwa zimeungana zikawa moja, na nukta za tha zimekuwa doa. Mtoto mmoja wa juzuu ya Amma aliinua uso kutoka kwenye skrini akasema, "Ustadhi, kamera imeifanya ta kuwa nun." Akakizima, na picha kumi zote zikasomeka. Alipojaribu tena kwa pazia la haraka, sehemu ya 1,000 ya sekunde, hapakuwa na tofauti: kitu hakina wasaa wa kusogea. Madhara yamo katika ile mipazia ya polepole, tangu kama sehemu ya 30 ya sekunde hadi sekunde moja au mbili, yaani pale pale ambapo mtu huhitaji stendi.

Kama saa nne upepo ukaamka, nasi tukaona upande wa pili wa habari. Zile picha zilizokuwa safi kitulizi kikizimwa zikaanza kuharibika, kwa maana sasa stendi yenyewe ilikuwa ikitetemeka. Kijana akaondoa ile kofia ya plastiki mbele ya lenzi, iliyokuwa ikikamata upepo kama tanga. Akairudisha chini nguzo ya kati, akaingiza ndani vipande vya mwisho vya miguu, ambavyo ni vyembamba, na akatundika chini ya stendi mkoba wenye mawe. Hali ikawa njema, isipokuwa upepo ulipopiga kwa nguvu. Hapo alipojaribu kuwasha kitulizi, baadhi ya picha zikawa bora kuliko zilipopigwa bila hicho, kwa kuwa sasa palikuwa na mtikisiko wa kweli wa kutulizwa. Kwa hiyo wale wanaosema kuwa kitulizi kizimwe daima juu ya stendi wamesema sehemu kubwa ya haki, wala si yote. Ajiulize mtu kwanza: leo kinachotikisika ni nini? Kama hapana kitu, akizime. Kama ni upepo, aweke mawe. Na upepo ukishinda mawe, ajaribu njia zote mbili, akuze picha palepale kwenye skrini na achague.

Sasa turudi kwenye hilali, maana hapo pana siri nyingine inayotuhusu sisi wa nchi hii kuliko watu wa Ulaya.

Kwa lenzi ya milimita 400, mwezi mzima huchorwa juu ya kibao cha kamera kwa upana wa milimita tatu na nusu hivi. Hilali ya usiku wa kwanza, iliyo mbali na jua kiasi cha nyuzi 12, unene wake katikati ni kama sehemu moja tu ya mia ya upana huo, yaani kiasi cha sehemu nne za mia za milimita moja. Ni uzi mwembamba. Na uzi huo hautulii, kwa maana ardhi inazunguka, na mwezi unakwenda kuchwa. Kwa lenzi ile ile, sekunde moja tu humsogeza mwezi juu ya kibao karibu sehemu tatu za mia za milimita. Mwenye kuacha pazia wazi sekunde nzima amekaribia kuuongeza unene wa hilali mara mbili, hata stendi yake ingekuwa ya zege.

Tena katika Dodoma tupo kiasi cha nyuzi sita tu kusini ya mstari wa Ikweta. Kwetu jua na mwezi huzama karibu wima, na hilali hulala chali kama mtumbwi, pembe zake zikitazama juu. Mwendo wake wa kuzama basi unaelekea upande ule ule wa unene wake. Katika nchi za kaskazini hilali huzama kwa mshazari, na kusogea kwake hugawanyika kati ya unene na urefu. Hapa kwetu kosa lote huingia katika unene, na unene ndio watu wanaoutumia kudai kuwa mwezi ni wa siku ya pili! Ongeza hapo kitulizi kinachohangaika juu ya stendi na kuirusha picha huku na huku, na ndipo kinapopatikana kile kipande cha ndizi na kivuli chake mgongoni.

Mwezi wa Mfunguo Pili ulipoandama, kijana alipanda tena kilima kile, nami nikafuatana naye, nikipumzika kila baada ya jabali. Tulianza kutazama kwa macho. Huku kwetu giza huingia upesi, wala mtu hana wasaa mrefu: hilali iliyo nyuzi 12 juu ya jua huwa na dakika arobaini na tano au zaidi kidogo tangu jua kuchwa mpaka nayo kuchwa, na sehemu ya kwanza ya muda huo mwanga wa magharibi bado una nguvu. Tulipouona, tukaomba dua, ndipo akafunga kamera. Kitulizi alikizima, mkoba wa mawe akautundika, na pazia akaliweka kwenye sehemu ya 8 ya sekunde, akiongeza wepesi wa kamera kunasa mwanga badala ya kuongeza muda. Picha zikapigwa kwa rimoti, akingoja kati ya mvumo na mvumo wa upepo. Ilitoka hilali kama ukucha uliokatwa, ncha zake mbili zikaonekana, wala hapakuwa na kivuli. Aliituma kwa yule mama wa simu, bila maneno. Mama akajibu kwa kuuliza kama huu ni mwezi mwingine.

Sisemi kwamba picha ichukue nafasi ya shahidi. Hilo ni la wanazuoni, na nchini kwetu kuna mabishano ya kutosha juu ya mwandamo, ya mwezi wa hapa na mwezi wa nchi za mbali, pasipo kuongezewa la kamera. Mfaransa Thierry Legault, tarehe 8 Julai mwaka 2013, alipiga picha ya mwezi katika dakika ile ile ya kuzaliwa kwake, mchana kweupe, kwa vyombo vya kuzuia mwanga wa jua. Uzi ule hauwezi kuonwa na jicho lolote la mwanadamu. Chombo chaweza kuona kabla ya watu, na chaweza pia kuona kisichokuwapo. Lakini picha ikisha kutoka na kupelekwa nyumba kwa nyumba, imekuwa ni habari, na mwenye kuituma amekuwa ni mpokezi wa habari. Kwa nini basi asiichunguze kama tunavyofundishwa kumchunguza mpokezi?

Baada ya hapo safari zetu na kijana huyu ziliendelea, na nitataja mbili tu.

Bahi ipo magharibi ya Dodoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa barabara ya Singida. Nchi huteremka ukaingia katika bonde, na mto Bubu, utokao pande za Kondoa, humwaga maji yake huko yakawa bwawa pana lisilo na njia ya kutokea. Wakati wa mvua ni ziwa. Mwezi wa Oktoba laweza kuwa tope lililopasuka. Watu hulima mpunga kando yake, na ndege wa majini hukusanyika, korongo, mwari na bata. Masheikh wamekhitilafiana juu ya picha za wenye roho, na mwenye kutaka fatwa aulize penye fatwa. Kijana alikuwa ameajiriwa na mtu apige picha za mashamba na ndege, nami nina jamaa huko, nikapata kisa cha kumtembelea.

Huko nilimwona akifanya kinyume cha yote niliyoyaandika juu. Lenzi ilikuwa juu ya stendi, na kitulizi kimewashwa. Nikamuuliza. Akanionyesha kwamba kichwa cha stendi hakikukazwa: alikilegeza ili amfuate korongo arukaye, na lenzi iliyolegezwa imo mikononi mwake, stendi inabeba uzito tu. Mkono umerudi, na mtetemeko wake umerudi. Akatumia ile namna ya pili iliyomo katika lenzi nyingi, inayotuliza kwenda juu na chini pekee na kuuacha mwendo wa pembeni, ili kitulizi kisimzuie kumfuata ndege.

Kufika saa tano kazi ikakoma. Hapakuwa na upepo mwingi, stendi ilikuwa imara, lakini vilima vya ng'ambo ya bwawa vilikuwa vikicheza kama vimo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ni hewa yenyewe iliyopata joto la ardhi. Dhidi ya hilo hakifai kitulizi, wala mawe, wala lenzi ya bei kubwa. Dawa yake ni kutoka mara baada ya Alfajiri. Jamaa yangu alitukaribisha wali wa mpunga mpya na kambare, nasi hatukujuta kusimama.

Safari ya pili ilikuwa ya kaskazini, kwenda Kondoa kwa Warangi, ndugu zetu ambao misikiti yao imo katika kila kijiji cha milima ya Irangi. Njiani mtu huona makorongo mekundu yaliyochimbwa na mvua. Serikali ilianzisha huko mpango wa kuhifadhi ardhi mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika sana. Leo miti imerudi katika mahali pengi. Kupita mji wa Kondoa, katika kijiji cha Kolo kilicho kwenye barabara iendayo Babati, ipo ofisi ya mambo ya kale, na hapo mgeni hupewa kiongozi wa kumpeleka kwenye mapango yenye michoro. Michoro hiyo iliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Mary Leakey alikaa katika nchi hiyo mwaka 1951 akiinakili kwa mkono, na kitabu chake kilitoka mwaka 1983.

Hairuhusiwi kuigusa wala kuimwagia maji, na baadhi imo juu ya jabali kuliko urefu wa mtu. Kwa hiyo lenzi ndefu yahitajiwa, na kwa kuwa jabali limeinamia mbele kama baraza, kivuli ni kizito hata mchana. Tuliona watu warefu wembamba waliochorwa kwa mistari myekundu, vichwa vyao vimepambwa. Mistari mingine ni myembamba kama unywele, na mingine imefifia kiasi cha kutojulikana kama ni rangi au ni kutu ya jiwe. Hapo kijana aliacha pazia wazi sekunde mbili. Kitulizi akakizima, kichwa cha stendi akakikaza, miguu akaiweka juu ya mwamba mtupu na si juu ya majani, kisha akahesabu mpaka kumi kabla ya kila picha ili stendi isahau kuguswa.

Kiongozi wetu alitaka kujua tunahesabu nini. Kijana akamkuzia picha kwenye skrini. Katika sehemu moja ambayo macho yetu yaliona waa tu, palikuwa na mistari mitano iliyokwenda sambamba, kila mmoja peke yake. Yule bwana akatazama skrini, akatazama jabali, akatazama skrini tena. Akasema kwamba alipokuwa kijana mistari ile ilionekana kwa macho kutoka pale chini tulipoacha viatu. Akatuomba nakala ya picha zote ziwekwe ofisini Kolo, pamoja na tarehe, na tuliporudi Dodoma tukampelekea.